Unalala hotelini Mwanza mjini na familia? Uliza haya kabla hujalipa

Kila Desemba kwenye nyumba nyingi za Buswelu hesabu ni ileile. Ndugu wamefika kutoka Dar, vyumba havitoshi, mtu anatoa wazo kwamba familia moja ikalale hotelini mjini. Na si sikukuu tu. Kuna wanaoleta mgonjwa Bugando, hospitali ya rufaa inayohudumia Kanda ya Ziwa yote, kuna wanaosubiri meli ya Bukoba, na kuna wenye harusi Jumamosi.

Kulala hotelini na mwenzi wako ni jambo moja. Kulala na watoto watatu katikati ya jiji ni jambo lingine kabisa.

Bei ya chumba sio bei ya familia

Bei unayoiona kwenye simu kwa kawaida ni ya watu wawili, kitanda kimoja, na chai ya asubuhi ya watu wawili. Tuseme chumba kimeandikwa Sh80,000. Kama VAT ya asilimia 18 haimo, tayari ni Sh94,400. Weka godoro la ziada la Sh15,000 na chai ya watoto wawili kwa Sh10,000 kila mmoja, unafika Sh129,400 kwa usiku mmoja. Huo ni mfano tu, lakini ndivyo hela inavyopotea.

Utaambiwa "mtoto ni bure". Uliza mtoto wa umri gani, na bure ya nini. Mara nyingi maana yake ni kwamba atabanana na wazazi kitandani, na chai yake utailipia. Ukijibiwa, omba waandike kwenye WhatsApp: bei ya mwisho, idadi ya watu, idadi ya vitanda, kodi imo au haimo. Mtu wa mapokezi wa asubuhi sio wa usiku, na wa usiku hajui mlikubaliana nini.

Wakitaka malipo ya awali, lipa kwa Lipa Namba na usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi usilolijua, piga kwanza simu ya hoteli. Ukifika dai risiti ya EFD.

Saa 4 asubuhi, na meli ni usiku

Hapa ndipo familia nyingi zinaumia. Hoteli nyingi zinataka ukabidhi chumba saa 4 asubuhi, na mgeni mpya anaingia kuanzia saa 8 mchana. Meli ya Bukoba inasafiri usiku. Maana yake mna mchana mzima mjini, na mabegi, na watoto ambao hawajalala vizuri.

Kuna njia mbili. Omba kulipia nusu siku, hoteli nyingi hukubali kama hazijajaa. Au acha mabegi mapokezi, chukua tu maji na nguo za kubadilisha, muende Kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, eneo lake kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji, kwa hiyo hata mtoto wa miaka sita anaizunguka bila kubebwa. Boti inawavusha kwa muda mfupi kutoka mjini, na watoto wanaona swala na pimbi kwenye mawe.

Wanaotoka Bukoba wana tatizo la upande wa pili: meli inafika asubuhi, chumba bado kina mtu. Sema mapema saa mtakayofika.

Kwa wa Sengerema na Geita mambo yamebadilika. Daraja la JP Magufuli la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Hakuna tena kusubiri kivuko. Kama shughuli ni ya siku moja, huenda hoteli hamuihitaji.

Tarehe za kukwepa

Wiki ya Nane Nane, kwa sababu maonyesho ya Kanda ya Ziwa Magharibi yako Nyamhongolo. Mahafali ya vyuo. Na tangu Pamba Jiji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25, wikiendi ambayo Simba au Yanga wanakuja CCM Kirumba. Angalia ratiba ya ligi kabla ya kupanga safari, hata kama mpira huupendi.

Halafu kuna ukumbi. Hoteli nyingi za mjini zina ukumbi wa sherehe, na Jumamosi MC hana huruma na mtoto wa mwaka mmoja. Uliza: "Siku hiyo kuna shughuli ukumbini?" Kama ipo, omba chumba cha upande wa pili, na kisitazame barabara.

Mtoto wa godoro la chini

Chandarua cha hoteli kinafunika kitanda. Godoro la ziada linalotandikwa sakafuni halifuniki. Kwa hiyo anayelala bila kinga ni mtoto, ambaye malaria humdhuru kuliko mtu mzima, na Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi. Beba chandarua chako na kamba, au walaze watoto kitandani nyie wazazi mshuke chini. Kiyoyozi sio mbadala, umeme ukikatika mnafungua dirisha.

Kwenye ghorofa za juu kagua kibaraza kabla watoto hawajaingia chumbani: nafasi kati ya vyuma, na kiti kilichowekwa karibu na ukingo. Bwawa la kuogelea nalo liulizie kama lina uzio na mwokoaji. Mara nyingi utakuta ubao tu unaosema mtoto asiogelee peke yake.

Ziwa ni suala jingine. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata akiwa amesimama tu kwenye kina kifupi. Ufukwe kuwa wa hoteli haubadilishi chochote. Kama watoto wameshaingia, wapeleke wakapimwe wiki chache baadaye, dawa yake ipo.

Au mlale Buswelu?

Kama mnakaa zaidi ya siku tatu, hasa kwa ajili ya mgonjwa, nyumba ya kupanga kwa siku yenye jiko inaokoa hela nyingi ya chakula, na huku Buswelu na Kiseke ni kimya kuliko mjini. Ila piga hesabu ya nauli. Watu watano kwa bajaji kwenda Bugando na kurudi, mara mbili kwa siku, inaweza kumeza chote mlichookoa. Kwa mgonjwa anayehitaji mtu usiku, ningechagua gesti ya karibu na hospitali, hata kama chumba ni kidogo.

Beba vitambulisho vya watu wazima wote, mapokezi wataviomba kujaza kitabu cha wageni. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe na nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa.