Uta wa Ramisi haukuhitaji gundi

Kwa nini Wadigo wa Ramisi na jirani zao hawakuunda uta wa matabaka kama ule wa Waturuki? Nimewahi kusikia jibu la haraka: eti ujuzi haukuwapo. Nalipinga.

Uta ukivutwa, upande wa nje hunyooka na upande unaomwelekea mpigaji hubanwa. Mturuki aliigawa kazi hiyo: kano za mnyama nje, pembe ndani, mti katikati, vyote vikishikwa kwa gundi ya ngozi au ya samaki. Gundi hiyo hulegea ikipata unyevu. Hebu upeleke uta huo Ramisi mwezi wa Mei, masika yakinyesha na mvuke wa bahari haukatiki. Utabanduka tu!

Penye unyevu, basi, fundi huchagua mti. Mkone, wa jenasi ya Grewia, ni mgumu na hukubali kupindwa. Miti ya jenasi hiyo huundiwa nyuta sehemu nyingi za Afrika. Uingereza nayo, nchi ya mvua, ilitegemea mti mmoja uitwao yew. Katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zilipatikana nyuta zaidi ya 130 za namna hiyo. Na tusidhani uta wa mti mmoja ni dhaifu. Wa Waata, wawindaji ndovu wa nyika, ulihitaji mvuto wa ratili 100 na zaidi, kisha chembe ikapakwa utsungu, sumu ya mti wa Acokanthera.

Lugha inashuhudia uzito wa silaha hii. Kiswahili kina uta na vita. Kidigo kina uha na viha. T yetu hapo ni h yao, kama moto na moho. Shina ni moja. Upinde, tulilolizoea leo, latokana na kupinda: lataja umbo, basi.

Kizuizi cha gundi kiliondoka katikati ya karne ya 20 zilipokuja faibaglasi na epoksi, isiyojali unyevu. Leo fundi wa Ramisi anaweza kubandika faibaglasi nje na ndani, katikati akaweka mwanzi. Bado atahitaji upote wa kuvutia, wano na chembe vya kurusha, ziaka la kubebea. Muhula huu niliwauliza wanafunzi wangu maana ya maneno hayo manne. Walijua mshale.