Unatengeneza Bia Keja? Chunga Hizi Digrii Kwanza

Wasee wengi wakianza kutengeneza bia keja huhangaika na hamira na chupa. Kumbe game huamuliwa mapema, ile saa moja kimea cha shayiri kinalala kwa maji moto. Hapo ndipo wanga hugeuka sukari, na sukari ndiyo hamira hula ikatupea kileo.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya viwili, kila kimoja na joto lake. Beta-amilesi hupenda digrii 60 hadi 65. Sukari yake hamira huimaliza yote, so bia inatoka nyepesi, kavu na kali. Alfa-amilesi ni ya 68 hadi 72, na huacha sukari ambayo hamira haiwezani nayo, bia ikabaki nzito na tamu kiasi. Ukitaka ya katikati, lenga 66. Ukivuka 78 umechoma vyote viwili, na hata upoze maji haviamki tena. Doo ya kimea imeenda hivyo.

Sasa, kimea baridi hupoza maji, kwa hivyo anzia juu. Kilo 4 za kimea chenye digrii 22 na lita 12 za maji: pasha maji hadi 72, ukichanganya yatatulia kwa 66. Usikadirie vile umezoea kuchanganya maji ya kuoga. Maji kuchemka kwa digrii 100 ni mambo ya Mombasa. Nairobi, huku juu mita 1,700 hivi, huchemka karibu 94. Buda, nunua themomita.

Koroga fiti, kisha pima katikati. Ikisoma 63, ongeza lita 1 inayochemka, itapanda kama digrii 2. Ikisoma 69, lita 1 ya mfereji itashusha kama 3, lakini fanya haraka, beta-amilesi haidumu hapo. Kuacha gesi ikiwaka kidogo ni mtego: chini kunaungua na juu bado ni baridi. Zima, funika, funga sufuria na blanketi mbili, dakika 60.

Unakumbuka iodini ya bio, high school? Weka kijiko cha huo uji kwa sahani nyeupe, dondoshea iodini ya chemist. Ikigeuka buluu-nyeusi, wanga bado upo, ngoja dakika 15. Ikibaki kahawia, songa mbele. Na hicho kijiko mwaga, usirudishe kwa sufuria.