Mama wa Freshwater Atundika Picha Zake London

Kuku ndio waliohama kwanza. Banda lao lilikuwa la vioo, mwanga uliingia vizuri, na mwenye nyumba alikuwa na haja nalo. Stoo ya makaa ya mawe nayo ikafanywa chumba cha giza. Hivyo ndivyo ilivyoanza studio ya Julia Margaret Cameron, mwanzoni mwa 1864, katika kijiji cha Freshwater kwenye Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza.

Alikuwa na umri wa miaka 48, mama wa watoto sita, achilia mbali wa kulea. Kamera aliletewa zawadi Desemba 1863 na binti yake pamoja na mkwewe, impe shughuli wakati mumewe, Charles Hay Cameron, yuko Ceylon, Sri Lanka ya leo, kuangalia mashamba yao ya kahawa. Mwingine angepiga picha za wajukuu, akazibandika kwenye albamu, mambo yakaishia hapo. Huyu, kabla miaka miwili haijatimia, alikuwa na onyesho lake peke yake katika ukumbi wa French Gallery, namba 120, Pall Mall, London.

Haraka hiyo imewafanya wengi waamini kwamba alianza bila kujua lolote. Si kweli. Julia alizaliwa Calcutta mwaka 1815, baba yake akiwa mtumishi wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Mwaka 1836, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kujiuguza, alikutana na watu wawili waliobadili maisha yake. Mmoja alikuwa Charles, aliyemwoa mwaka 1838. Wa pili ni Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekuwa huko akichunguza anga la kusini. Herschel ndiye aliyegundua, mwaka 1819, kemikali ambayo baadaye wapiga picha waliitumia ili picha isiendelee kuwa nyeusi ikipigwa na mwanga. Katika miaka ya 1840 alimtumia Julia mifano ya picha za mwanzo kabisa. Isitoshe, kabla ya kupewa kamera, Cameron alikwishachapa picha kutoka kwenye vioo vya watu wengine na kupanga albamu za kuwagawia jamaa. Jicho lilikuwepo; kilichokosekana ni kifaa.

Na kifaa chenyewe hakikuwa cha mchezo. Kioo cha ukubwa wa sentimita 28 kwa 23 kilimwagiwa kolodioni, kimiminika kizito chenye harufu ya etha, kikainamishwa huku na huku mpaka kienee, kisha kikazamishwa gizani katika maji ya nitreti ya fedha. Kingali kibichi, kilikimbizwa kwenye kamera. Kikikauka kabla ya kusafishwa, kazi imekwisha. Anayepigwa picha alitakiwa atulie tuli dakika kadhaa, hata saba, asikohoe wala asijikune. Halafu mbio tena hadi chumba cha giza: kusafisha, kuosha kwa ndoo na ndoo za maji ya kisima, kupaka vanishi. Mwisho kioo kililazwa juu ya karatasi iliyopakwa ute mweupe wa yai na vyote vikaanikwa juani. Kwa kawaida picha haikukuzwa. Ilitoka kwa saizi ile ile ya kioo. Nitreti ya fedha iliacha madoa meusi vidoleni, kwenye magauni, hata kwenye vitambaa vizuri vya meza. Sianidi ya potasiamu, sumu ya kuua, ilikuwa miongoni mwa dawa za kazi hiyo, na Herschel alimwandikia kumwonya awe mwangalifu nayo.

Ugumu huo si wa kutiwa chumvi. Mpelelezi James Augustus Grant, aliyefika Unguja na mwenzake Speke mwaka 1860, alikuja na kamera na akapiga picha za mji, lakini safari ya bara ilipoanza aliiacha, akachora kwa mkono.

Cameron hakuiacha. Tarehe 29 Januari 1864, saa saba mchana, alimpiga picha mtoto wa kike aitwaye Annie Philpot. Kufikia saa mbili usiku picha ilikuwa imechapwa, imetiwa dawa, imeingizwa kwenye fremu na kukabidhiwa kwa baba wa mtoto. Saa hizo tunazijua kwa sababu aliziandika mwenyewe, pamoja na maelezo kwamba hayo ndiyo mafanikio yake ya kwanza kamili, na kwamba kila hatua aliifanya kwa mkono wake.

Miezi michache tu baadaye akapeleka picha zake kwenye maonyesho ya mwaka ya Chama cha Wapiga Picha cha London, ambacho alijiunga nacho mwaka huo huo. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wenye fani walizoea picha kali, kila unywele unahesabika, kila kifungo kinaonekana. Za Cameron zilikuwa vichwa vikubwa vinavyojaza karatasi, nyuso zikiibuka kutoka gizani, pembezoni zimefifia, na juu yake mikwaruzo, vumbi, hata alama za vidole vyake. Magazeti ya fani yakamrarua. Yalisema mwanamke huyu hajui kuweka lenzi sawa, na kwamba kazi yake ni ya kizembe. Hata Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi ya Alice, ambaye naye alikuwa mpiga picha wa ridhaa, aliziona na hakupendezwa na vichwa hivyo vilivyofifia.

Tuwe wa haki: alama za vidole zilikuwepo kweli. Vioo vingine vilipasuka, akachapa hivyo hivyo. Na baadhi ya picha zake za kuigiza, za watoto waliovishwa mbawa wawe malaika na mabinti waliovishwa shuka wawe Bikira Maria, zinachosha leo kama pengine zilivyochosha siku zile. Lakini suala la lenzi ni jingine. Yeye alieleza kwamba alipokuwa akirekebisha lenzi, alisimama pale picha ilipomvutia macho, hakuendelea kuisukuma mpaka kila kitu kiwe kikali. Huo si uzembe, ni uamuzi, na wahariri wa London walichelewa kuutambua.

Kama Cameron angetegemea hukumu ya chama, historia yake ingekwisha mwaka 1864. Alitafuta mlango mwingine. Sheria ya hakimiliki ya kazi za sanaa ya mwaka 1862 ilikuwa imewapa wapiga picha haki sawa na wachoraji, na kuanzia Mei 1864 yeye akawa anasajili picha zake moja moja, zaidi ya 500 kwa jumla. Mwaka huo huo aliingia makubaliano na kampuni ya Colnaghi, wauzaji wa michoro na picha za wachoraji. Chini ya picha alitia sahihi yake, na kampuni ikagonga muhuri wake. Mama wa nyumbani mwenye kamera ya zawadi alikuwa anajiendesha kama fundi aliyezaliwa sokoni.

Sababu ilikuwepo. Familia ilikuwa na jina, ikawa na marafiki wakubwa, lakini fedha zilikuwa kwenye kahawa ya Ceylon, na kahawa ya Ceylon haikuwa ikilipa. Jirani yao Freshwater alikuwa Tennyson, mshairi mkuu wa Malkia; nyumba ya dada yake Cameron huko Kensington ilijaa wachoraji, akiwemo G. F. Watts, aliyemshauri sana juu ya sura na mwanga. Heshima hiyo yote haikulipa madeni. Maonyesho yalikuwa njia yake ya kutafuta mambo mawili kwa wakati mmoja, sifa na riziki, wala hakuona haya kuyachanganya.

Mwaka 1865 milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Mwezi Mei alimpiga picha Henry Cole, mkurugenzi wa Makumbusho ya South Kensington, ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert. Cole alikuwa mtu wa kuthubutu: makumbusho yake yalikuwa yakiwashwa taa za gesi usiku ili watu wa kazi wapate kuingia baada ya kibarua. Alinunua makumi ya picha za Cameron na kuzitundika mwaka huo huo. Hilo ndilo onyesho pekee alilowahi kufanyiwa na makumbusho akiwa hai. Colnaghi nao wakazionyesha. Kisha, Novemba, ikaja zamu ya Pall Mall, onyesho lililotangazwa kwa jina lake mwenyewe.

Katika maonyesho ya London ya wakati ule kuna kisa kimoja ambacho familia iliendelea kukisimulia. Miaka kadhaa kabla ya hapo, Cameron alikuwa amekutana na mama mmoja wa Kiairishi akiomba barabarani huko Putney Heath pamoja na binti yake mdogo, Mary Ryan. Aliwachukua. Mary akakulia nyumbani kwake, akasomeshwa, akawa mtumishi wa ndani na mmoja wa watu waliopigwa picha mara nyingi. Siku za onyesho alipewa kazi ya kukaa ukumbini, awahudumie wateja. Kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda kufanya kazi serikalini India, Henry Cotton, akaingia kutazama. Alinunua picha za Mary, akaandikiwa risiti na Mary mwenyewe, na risiti hiyo akaitunza. Mwaka 1867 walioana. Cotton alikuja kuwa mtawala wa Assam, kisha, baada ya kustaafu, akachaguliwa rais wa mkutano wa Indian National Congress wa mwaka 1904, Mwingereza akisimama upande wa Wahindi. Binti aliyekuwa akiombaomba akafa akiitwa Lady Cotton.

Nje ya Uingereza picha hizo hazikupata shida. Berlin walimpa medali ya shaba mwaka 1865 na ya dhahabu mwaka 1866. Huenda umbali ulisaidia. Majaji wa Berlin hawakuwa na ugomvi na mama wa Freshwater.

Mwaka 1868 ulikuwa wa kilele. Alifungua onyesho jingine, kubwa zaidi, katika ukumbi wa German Gallery, mtaa wa Old Bond, lenye katalogi ya bei. Makumbusho ya South Kensington yakampa vyumba viwili avitumie kama studio. Kwa mpiga picha wa wakati ule, hilo halikuwa dogo.

Mwaka huo huo ndipo Afrika ilipoingia kwenye lenzi yake. Aprili 1868 jeshi la Uingereza liliivamia ngome ya Maqdala, Ethiopia. Mfalme Tewodros akajiua kuliko kukamatwa. Mwanawe Alemayehu, mtoto wa takriban miaka saba, alichukuliwa kwenda Uingereza chini ya uangalizi wa Kapteni Tristram Speedy, akafikishwa Kisiwa cha Wight, Malkia Victoria alikokuwa na nyumba. Julai, Cameron alimpiga picha. Mtoto amevalishwa mavazi na vipambo vya kwao, uso hauna tabasamu hata la kusingizia. Sifa kubwa ya Cameron ni kwamba hakumfanya malaika. Picha iliuzwa London pamoja na nyingine, kwa watu waliotaka kumbukumbu ya ushindi wao. Alemayehu hakurudi kwao. Alifariki Uingereza mwaka 1879, akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor.

Fedha, kwa bahati mbaya, hazikuja. Cameron aligawa picha nyingi kama alivyouza, na kemikali, vioo na karatasi vilikula kilichopatikana. Huko Ceylon ukazuka ugonjwa wa kutu ya majani mwaka 1869, ambao mkulima yeyote wa kahawa wa Kilimanjaro au Kagera anaujua kwa jina, na ukamaliza mashamba ya kisiwa kizima. Mwaka 1875 familia ilifunga mizigo ikahamia huko, na inasimuliwa kwamba walibeba na majeneza yao, yamejazwa vyombo. Ceylon alipiga picha chache, nyingi za wafanyakazi wa mashambani. Alifariki Januari 1879.

Kwa miaka mingi baadaye alitajwa zaidi kama mwanamke wa vituko kuliko kama msanii. Mwaka 1926 mwandishi Virginia Woolf, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa Cameron, alishirikiana na mchambuzi Roger Fry kutoa kitabu cha picha hizo, na watu wakaanza kuzitazama upya. Chama cha Wapiga Picha, kile ambacho mwaka 1864 hakikumpokea kwa shangwe, nacho kilikuwa kimejikusanyia picha zake nyingi. Mwaka 2017 hazina ya chama hicho ilihamishiwa Makumbusho ya Victoria and Albert, ikakutanishwa na zile alizonunua Cole mwaka 1865. Makumbusho hayo sasa yana zaidi ya picha 900 za Cameron.