Nani Anamdai Nani: Kigezo cha Haki kwa Ukumbi wa Umaarufu wa Roki

Tarehe 23 Januari 1986, katika hoteli ya Waldorf Astoria jijini New York, Ukumbi wa Umaarufu wa Rock and Roll uliwapokea wasanii wake wa kwanza. Majina yalikuwa kumi: Chuck Berry, James Brown, Ray Charles, Sam Cooke, Fats Domino, ndugu wawili wa Everly, Buddy Holly, Jerry Lee Lewis, Little Richard na Elvis Presley. Taasisi yenyewe ilikuwa changa, imeasisiwa mwaka 1983 na watu wa biashara ya santuri wakiongozwa na Ahmet Ertegun wa kampuni ya Atlantic, na makumbusho yake kando ya Ziwa Erie mjini Cleveland hayakufunguliwa hadi Septemba 1995. Hata hivyo orodha ile ilikuwa tayari imeandika historia. Iliwaambia watu muziki huu ulianzia wapi, nani aliuzaa na nani aliulea. Hakuna kati ya kumi hao asiyestahili. La kujadiliwa ni waliokosekana, maana miongoni mwao hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Aretha Franklin ndiye aliyekuwa wa kwanza, mwaka uliofuata, akiwa mwanamke pekee kati ya majina kumi na matano ya wasanii.

Tangu hapo mjadala huzuka upya kila mwaka majina yanapotangazwa. Msanii hustahili kufikiriwa miaka 25 baada ya rekodi yake ya kwanza kutoka. Kamati huteua majina, kisha wapiga kura zaidi ya elfu moja, wakiwemo wanahistoria, watu wa biashara ya muziki na wasanii waliokwisha kuingia, huchagua. Tangu 2012 mashabiki nao hupiga kura, lakini kura zao zote kwa pamoja huhesabiwa kama karatasi moja tu. Wanaobishana hushika mizani tofauti: wapo wanaohesabu santuri zilizouzwa, wapo wanaotazama ufundi wa vidole na sauti, na wapo wanaouliza kama muziki wa fulani ni roki kweli. Kila mzani una maana yake. Lakini taasisi inayodai kuhifadhi historia haina budi kutanguliza swali jingine: nani anamdai nani? Msanii anastahili ukumbi wa aina hii kwa kadiri muziki wa wenzake unavyodaiwa naye, kwa kadiri ambavyo wengine wasingeimba, wasingepiga wala wasingetunga kama walivyofanya lau yeye asingekuwapo. Ukumbi wenyewe hutaja ushawishi kwa wengine miongoni mwa vigezo vyake. Tatizo ni kwamba mara nyingi umewalipa wadaiwa kwanza na kuwaacha wadai wakingoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Willie Mae Thornton, aliyejulikana kama Big Mama Thornton. Mwezi Agosti 1952, mjini Los Angeles, alirekodi wimbo wa Hound Dog. Ulipotoka mwaka 1953 ulikaa majuma saba kileleni mwa orodha ya rhythm and blues. Elvis Presley aliurekodi mwaka 1956, ukawa miongoni mwa nyimbo zilizomfanya ajulikane dunia nzima. Thornton pia alitunga Ball and Chain, wimbo ambao Janis Joplin aliuimba katika tamasha la Monterey mwaka 1967 na kujijengea jina. Sasa tazama jinsi Ukumbi ulivyowapokea watu hawa. Presley aliingia 1986. Jerry Leiber na Mike Stoller, watunzi wa Hound Dog, waliingia 1987. Johnny Otis, aliyepiga dramu katika rekodi ile ya kwanza, aliingia 1994. Joplin aliingia 1995. Thornton mwenyewe, aliyefariki mwaka 1984, aliingia 2024. Watunzi, mpiga dramu na waimbaji wawili walioutumia muziki wake walikuwa wameketi ndani kwa miongo mingi, naye akiwa nje. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Presley alistahili, kwa kuwa kizazi kizima cha wanamuziki, wakiwemo The Beatles, kilijifunza kwake. Lakini orodha inayomtambua aliyepokea na kumsahau aliyetoa imeacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo ya mwanzo.

Habari ya Sister Rosetta Tharpe inafuata njia hiyohiyo. Alizaliwa Arkansas mwaka 1915, akalelewa katika muziki wa kanisa, na kuanzia 1938 akawa anarekodi kwa kampuni ya Decca. Wimbo wake wa injili uitwao Strange Things Happening Every Day, uliorekodiwa 1944, ulipenya katika orodha za muziki wa kidunia, jambo lililokuwa nadra kwa injili. Gitaa lake la umeme lilinguruma kwa namna ambayo vijana wa roki wangesifiwa kwayo miaka kumi baadaye. Mwaka 1947, mjini Macon, alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14 aliyekuja kuitwa Little Richard. Johnny Cash, alipopokewa katika Ukumbi mwaka 1992, alimtaja Tharpe kuwa mwimbaji aliyempenda sana utotoni. Maana yake ni kwamba ushahidi wa deni ulitolewa mbele ya Ukumbi, katika sherehe yake yenyewe, na bado miaka 26 ilipita kabla ya Tharpe kuingizwa mwaka 2018, akiwa amekwisha kufa tangu 1973.

Jambo jingine linastahili kutazamwa hapa, nalo ni mlango walioingilia. Jina la Tharpe lilikuwa kwenye karatasi ya kura ya wasanii, lakini mwishowe aliingizwa na kamati katika kundi la ushawishi wa awali. Thornton naye aliwekwa katika kundi hilo, lililokuwa limebadilishwa jina kuwa la ushawishi wa kimuziki. Kundi hilo lilianzishwa kwa sababu njema, ili kuwaenzi waliotangulia roki kabisa. Robert Johnson, aliyerekodi 1936 na 1937 na kufariki 1938, alilifaa vizuri alipowekwa humo mwaka 1986. Lakini Tharpe alikuwa jukwaani na gitaa la umeme mbele ya kamera za televisheni mjini Manchester mwaka 1964, na Thornton alirekodi wimbo wake mkubwa miaka miwili tu kabla ya rekodi ya kwanza ya Presley kutoka. Hawakuwa mababu wa roki. Walikuwa wenyewe ni roki. Mlango wa uani ulitumika tena mwaka 2021 kwa Kraftwerk, kundi la Ujerumani lililoanza mwaka 1970. Santuri yao ya Trans-Europe Express ya 1977 ndiyo iliyompa Afrika Bambaataa msingi wa Planet Rock mwaka 1982, na sehemu kubwa ya muziki wa kompyuta na hip hop imepita hapo. Kuwaita watu wa 1970 ushawishi wa awali ni kukiri kwamba deni lipo, huku mtu akikwepa kulilipa kwa thamani yake.

Kigezo cha deni hurekebisha pia kosa la kumtukuza mtu mmoja pale kazi ilipofanywa na wengi. Buddy Holly aliingia 1986, ilhali That'll Be the Day ya 1957 ilitoka kwa jina la The Crickets, na mpiga dramu Jerry Allison ametajwa miongoni mwa watunzi wake. Smokey Robinson aliingia 1987 bila The Miracles, ingawa The Tracks of My Tears ya 1965 aliitunga pamoja na Pete Moore na Marv Tarplin, mpiga gitaa wa kundi. Hapa Ukumbi ulifanya jambo la kusifiwa. Mwaka 2012 kamati maalumu iliyapokea makundi sita yaliyoachwa nyuma ya viongozi wao: The Crickets, The Miracles, The Comets, The Famous Flames, The Midnighters na The Blue Caps. Kwa Tarplin heshima hiyo ilichelewa, kwani alifariki Septemba 2011, miezi michache kabla ya sherehe. Hata hivyo hatua ile ilithibitisha mambo mawili: kwamba Ukumbi unaweza kukosea, na kwamba unaweza kujirekebisha bila kumfukuza mtu yeyote aliyekwisha kuingia.

Somo hilo halikushikwa sawasawa. Kundi la Chic liliteuliwa mara 11 bila kuchaguliwa. Mwaka 2017 Nile Rodgers, mpiga gitaa wake, alipewa tuzo ya ubora wa kimuziki peke yake, na Bernard Edwards, mpiga besi aliyefariki 1996, hakuitwa pamoja naye. Lakini Good Times ya 1979 ilijengwa juu ya besi ya Edwards. Besi hiyo ndiyo iliyobeba Rapper's Delight ya Sugarhill Gang mwaka huohuo, rekodi iliyoipeleka hip hop kwenye redio za dunia, na mwangwi wake unasikika wazi katika Another One Bites the Dust ya Queen. Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, iliingia mwaka 2001, nayo ilistahili bila shaka. Ikiwa wakopaji wameketi, ni kwa hoja gani mkopeshaji anaambiwa asubiri?

Wapo watakaosema kuwa deni ni suala la wataalamu, na kwamba mapenzi ya watu ndiyo mahakama ya haki. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu roki ni muziki wa umma, na kamati zilizojifungia zimewahi kuwadharau wapenzi wake: Kiss, bendi iliyojaza viwanja kwa miaka mingi, ilisubiri hadi 2014. Lakini mauzo yana kumbukumbu zake, yaani orodha za redio na magazeti ya biashara, na hayahitaji makumbusho kuyakumbuka. Kinachohitaji mtunzaji ni kile ambacho soko halikukiandika. Isitoshe, mapenzi ya watu na kigezo cha deni hukutana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Fela Kuti wa Nigeria alipoteuliwa mwaka 2021, alishika nafasi ya pili katika kura za mashabiki, nyuma ya Tina Turner, lakini hakuchaguliwa mwaka ule wala 2022 alipoteuliwa tena. Talking Heads, waliokuwa wameingia tangu 2002, walijenga santuri yao ya Remain in Light ya 1980 kwa kumsikiliza Fela. Mashabiki na historia walisema neno moja; kura za wakubwa ndizo zilizosema lingine.

Pingamizi la pili ni la aina ya muziki: mwimbaji wa kantri au wa hip hop anatafuta nini katika nyumba ya roki? Dolly Parton mwenyewe aliomba mwaka 2022 jina lake liondolewe kwa kuwa hakujiona mwanaroki, kisha akakubali, akaingia. Lilipopokewa kundi la hip hop la N.W.A mwaka 2016, mwanachama wake Ice Cube alijibu kwamba rock and roll si chombo wala mtindo, bali ni roho. Jibu hilo ni zuri, ila roho haipimiki, na kigezo cha deni hutoa jibu lililo imara zaidi. Katika orodha ya mwaka wa kwanza walikuwemo waimbaji wa injili waliogeukia mapenzi, wapiga piano wa New Orleans na vijana wa kantri, kwa sababu roki ilizaliwa kwa kukopa huku na huku. Grandmaster Flash na The Furious Five, wa kwanza wa hip hop kuingia, mwaka 2007, walistahili kwa msingi huohuo: wamekopa ndani ya familia hii, na familia imekopa kwao.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Ushawishi, watu husema, hauna rula, na kila mtu atadai kuwa mpendwa wake ndiye chimbuko. Ni kweli kwamba deni halihesabiki kwa shilingi, lakini huacha nyayo. Wimbo uliorudiwa una tarehe, besi iliyochukuliwa inasikika, jina la mtunzi limeandikwa kwenye santuri, na wasanii hutaja walimu wao hadharani. Kinyume chake, ladha ya mwamuzi haina wa kuihoji. Mwaka 2023 Jann Wenner, mmoja wa waasisi, aliondolewa kwenye bodi ya taasisi baada ya kueleza katika mahojiano kuwa wanawake na wanamuziki weusi hawakuwamo katika kitabu chake cha mahojiano na wanamuziki kwa sababu, kwa maoni yake, hawakuweza kuuzungumzia muziki kwa kina kama wanaume weupe aliowachagua. Mzani uliomo kichwani mwa mtu mmoja hubeba na chuki za kichwa hicho. Ni kweli pia kwamba atakuwepo msanii bora asiye na wafuasi, ambaye kigezo cha deni hakitamwona. Huyo apewe nafasi kwa hoja ya ufundi wake pekee, ila nafasi hiyo isitangulie ya wale ambao wengine wamekula kwa jasho lao.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Orodha ya 1986 ibaki ilivyo, na hakuna anayepaswa kutolewa ili mwingine aingie. Lakini kamati kama ile ya 2012 iundwe tena, na kazi yake iwe kufuata madeni hadi yanakoanzia. Sister Rosetta Tharpe na Big Mama Thornton waorodheshwe miongoni mwa wasanii, si pembeni yao. Kraftwerk nao vivyo hivyo. Chic iingizwe kama kundi, na jina la Bernard Edwards liandikwe kando ya la Nile Rodgers. Fela Kuti apewe kiti miongoni mwa wasanii. Wapiga kura wanaopokea karatasi kila mwaka wana njia rahisi ya kuanza: kabla ya kuweka alama kwenye jina lolote, wamuulize huyo msanii alijifunza kwa nani, kisha watazame kama mwalimu wake yumo ndani.