Sare na Kejeli

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo walitunga igizo la kufunga muhula. Kijana mmoja alivaa koti mfano wa langu, akaiga mwendo wangu, akahutubia juu ya nidhamu huku mpishi akilia kwamba uji umeungua. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nikainuka, nikaamuru igizo likome. Siku ile niliuita uamuzi huo nidhamu. Miaka ilipita ndipo nikaufikiria upya, na kilichonisukuma ni historia ya Japani, ambayo kwa muda mrefu niliifundisha bila kuitazama kwa makini.

Katika miaka ya 1880 Wajapani wengi walidai katiba na bunge. Serikali ya Meiji ilitunga sheria ya mikutano ya hadhara mwaka 1880, na polisi wakapata uwezo wa kuivunja mikutano hiyo. Wapinzani wakageuza hotuba zao kuwa nyimbo. Ndiyo asili ya neno enka, yaani wimbo wa hotuba. Aliyevuma sana kati yao ni Kawakami Otojiro. Alijifunga kitambaa kichwani, akavaa koti la vita la kale, akashika upepeo wenye jua la taifa, kisha akawakejeli wakubwa na matajiri. Alikamatwa mara nyingi, lakini watu walizidi kumfuata. Lile vazi la kishujaa lilimpa nafasi ambayo sisi humpa mtani: kusema wasiyothubutu wengine.

Kuanzia miaka ya 1970, televisheni ya Japani ilikuza waimbaji wa aina nyingine, wanaoitwa huko aidoru. Hao ni vijana nadhifu, wenye tabasamu, ambao aghalabu hawatamki neno la siasa. Wanasiasa nao wakaiona nguvu ya picha hiyo. Junichiro Koizumi, waziri mkuu kuanzia 2001 hadi 2006, alijulikana kwa nywele zake ndefu za mawimbi, na mabango yake yaliuzwa kama ya mwimbaji. Alimpenda mno Elvis Presley, ambaye walizaliwa tarehe moja, 8 Januari, hata mwaka 2001 ikatolewa sahani ya nyimbo za Elvis alizozichagua mwenyewe. Katika uchaguzi wa Septemba 2005 chama chake kilipata viti 296 kati ya 480. Sisemi alishinda kwa nywele. Hoja ya kubinafsisha posta ilikuwa nzito. Nasema tu kwamba ni vigumu kumkejeli mtawala aliyekwisha kulivaa vazi la mchekeshaji.

Hata hivyo wapo waliolirudisha vazi hilo kwenye kazi yake ya zamani. Kundi la wasichana liitwalo Seifuku Kojo Iinkai, lililoanza mwaka 1992, liliimba likiwa na sare za shule. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima ya Machi 2011, waliimba kupinga nishati hiyo. Juni 2015, katika mkutano uliofanyika katika mji wa Yamato, waliimba wimbo wa kukikejeli chama tawala. Baadaye uongozi wa mji na bodi yake ya elimu waliondoa udhamini waliokuwa wameutoa kwa mkutano huo.

Sasa, ndugu msomaji, tazama kalenda. Mwezi huohuo bunge la Japani lilipitisha sheria ya kushusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 20 hadi 18. Mwaka uliofuata, vijana hao walipopiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza, chama kilekile kilimwingiza bungeni Eriko Imai, aliyekuwa mwimbaji wa kundi mashuhuri la SPEED. Sina neno dhidi yake. Mwimbaji ni raia kama mwingine. Lakini picha ya kijana ilipokipamba chama ilikaribishwa, na ilipokicheka ikaonekana imevuka mpaka. Vijana wakiambiwa kwamba wamekomaa kuchagua, watajifunzaje kuchagua ikiwa hawaruhusiwi kucheka?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye ukumbi wetu. Nilikuwa nikiwafunza vijana wale wakawe walimu, wasimame mbele ya watoto na kusema kweli. Walipoanza kuisema kwangu, niliwanyamazisha. Na kwa hakika, asubuhi ile uji ulikuwa umeungua.