Mto umepona? Umepona wapi!

Nina insha ya historia ya mazingira ya kukabidhi, na nimenasa kwenye samaki: samoni aina ya sokai wa mto Fraser, British Columbia, Kanada. Hawa huzaliwa bara, hushuka baharini, kisha wengi hurudi wakiwa na miaka minne, hutaga kulekule walikozaliwa na kufa.

Sasa tazama hesabu. Mwaka 2009 wataalamu walitegemea zaidi ya milioni 10. Wakaja kama milioni moja na nusu. Serikali ikaunda tume chini ya jaji Bruce Cohen. Mwaka uliofuata, 2010, wakafurika karibu milioni 28! Ungeweza kudhani mto umepona. Lakini samaki wa 2010 si watoto wa wale wa 2009. Wengi wao ni wa 2006. Ukitaka kupima afya, linganisha mwaka na ule wa nne nyuma yake.

Ukirudi nyuma minne minne, 2009 inakufikisha 1913, iliyokuwa zamu nono kupita zote. Mwaka huo wajenzi wa reli walimwaga mawe kwenye korongo la Hells Gate, 1914 mwamba ukaporomoka tena, maji yakawa makali mno kwa samaki kupanda. 1917, zamu ya watoto wao, wingi ule haukurudi. Ngazi za kupitishia samaki zikaja kujengwa miaka ya 1940. Miaka thelathini, jamani!

Na kuhesabu wanaoingia mtoni tu hakutoshi. Maji yakipata joto, wengi hufa kabla ya kutaga. Ndiyo maana wapimaji hufuata mizoga kwenye mazalia, hupasua majike waone kama mayai yalitoka, husoma pete za magamba wajue umri. Kazi inanuka hiyo, ila naiamini kuliko ile milioni 28.

2020 hawakufika laki tatu, wachache kuliko mwaka wowote uliorekodiwa hadi hapo. Utasema ni zamu dhaifu. Sawa, lakini 2016, zamu ileile, walikuwa zaidi ya maradufu yao. Tena juu mtoni, Big Bar, mwamba ulikuwa umeporomoka na kugunduliwa 2019. Safari hii hawakungoja miaka thelathini: mwaka huohuo samaki walikuwa wanavushwa kwa helikopta.