Tutunze Ngozi ya Kichwa Kabla ya Kuzililia Nywele

Mpwa wangu alikuwa na miaka 6 tulipomwona na kidoa cha mviringo kisogoni. Kilikuwa na magamba meupe, na nywele zake zimekatika kama zilizopitiwa na wembe. Kila mtu nyumbani alikuwa na dawa yake. Nyanya yake alisema apakwe mafuta ya nazi, jirani akaleta ya nyonyo. Mimi nikamsuka vizuri ili kidoa kisionekane, akavaa mtandio wake akaenda chuoni. Baada ya miezi miwili pakavimba na kutoa usaha. Dawa za hospitali zilimponya, lakini pale palipovimba pamebaki kipara cha ukubwa wa shilingi ishirini, na hapataota tena.

Naandika haya kwa sababu sisi watu wa Pwani twajua mengi kuhusu nywele, ila ngozi inayoziotesha huwa twaikumbuka mwisho.

Nywele huotaje?

Kila unywele hutoka katika kitundu kidogo ndani ya ngozi. Uhai wake uko huko chini, na sehemu tunayoichana imeshakufa. Nywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili mara nyingi hupungua kidogo hapo. Unywele mmoja hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha huanguka ili mwingine uote. Kwa hivyo kuona nywele 50 hadi 100 zimetoka kwa siku si ugonjwa. La kuogopa ni kitundu chenyewe kuungua au kuvimba hadi kikafanya kovu. Kikishaziba, hakuna mafuta yatakayokifungua.

Mafuta si dawa ya mba

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa unywele. Huulainisha na kuukinga usikatike wakati wa kuosha. Lakini wengi wetu tukiona mba twadhani ngozi imekauka, tukazidisha mafuta. Mba hutokana na vimelea vya jamii ya hamira ambavyo huishi juu ya ngozi ya kila mtu na kula mafuta yanayotoka mwilini. Ukiyaacha mafuta mengi kichwani, pamoja na joto letu na jasho, huweza kuvizidishia chakula.

Mwenye mba na aulize duka la dawa shampuu yenye ketokonazoli ya asilimia 2. Huipaka kwenye ngozi yenyewe, akaiacha dakika 5, kisha akasuuza. Hufanya hivyo mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Mafuta apake kwenye nywele, asiyamwage utosini.

Kwa asiye na tatizo, kuosha kichwa mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili kwatosha, hata kama umesuka. Usijifunge ushungi nywele zikiwa bado mbichi, na kofia ya ndani uifue kama unavyofua nguo nyingine.

Misuko inayouma

Twende kilioni ikibanwa sana, rasta nzito, au fundo linalofungwa kwa nguvu pahala pale pale kila siku chini ya ushungi, yote huvuta nywele kwenye mizizi. Mwanzo hutokea vipele vidogo kwenye komo na panja, na kichwa huuma hata kukilaza kwenye mto. Ukifumua mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kovu hukaa na komo likarudi nyuma kabisa. Nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha huathirika zaidi zinaposukwa kwa kubana. Mwambie msusi alegeze, na usimwonee haya. Msuko mzuri hauhitaji panadol.

Piko na hina

Hina ya majani yenyewe mara chache humdhuru mtu. Piko ni jambo jingine, kwani ina kemikali inayoitwa PPD ambayo huwachoma baadhi ya watu, wakavimba uso na kutoka malengelenge. Aliyewahi kuwashwa na maua meusi ya mkononi siku ya harusi asiitie kichwani kamwe, kwani mwili ukishaikataa haisahau. Wengine wajaribu tone dogo ndani ya kiwiko, wangoje siku 2.

Mapunye hayangoji

Hayo ndiyo yaliyompata mpwa wangu. Huambukizwa kwa vitana, kofia, mito na mashine za kinyozi zisizosafishwa, na hata paka hubeba aina yake. Malhamu ya kupaka haifiki ndani ya kitundu cha unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza aliyoandikiwa na daktari, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 8, na asiiache kwa kuona kidoa kimefifia. Watoto wengine wa nyumba hiyo nao watazamwe.

Wakati mwingine tatizo si kichwa

Mama aliyejifungua huweza kuona nywele zikitoka kwa wingi baada ya kama miezi 3. Hali hiyo pia huja baada ya homa kali, na kwa kawaida nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja. Upungufu wa madini ya chuma mwilini na ugonjwa wa tezi la shingo pia hupunguza nywele. Kipimo cha damu huonyesha hayo, na huenda kikakuokolea pesa za chupa nyingi za mafuta.

Nenda hospitali ukiona usaha, uvimbe, kidoa kisicho na nywele, au utosi unaowaka na kupanuka upara mwaka hadi mwaka. Na wanaume wenye vipele vigumu kisogoni waache kunyoa hadi ngozini, kwa maana navyo huacha kovu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mtandio wetu ni stara, lakini ndani ya nyumba kichwa kifunuliwe kitazamwe. Siku hizi kila Alhamisi jioni nawafumua watoto nywele, nawakalisha mlangoni penye mwanga, nawapasua njia moja baada ya nyingine nikitazama ngozi. Hainichukui nusu saa. Kwa mpwa wangu nilichelewa, na kila nikimsuka natafuta namna ya kukipitisha kitana pembeni ya pale pahala.